Nani Anayelipa Nauli ya Ganda?

Kama uko shambani na redio umeitundika kwenye tawi la mwembe, karibu. Kama uko kwenye daladala, umesimama, foleni imekukamata kati ya Kibamba na Maili Moja, karibu pia. Usiilaani sana hiyo foleni, maana leo nayo imo katika habari yetu.

Jioni hii tunakwenda Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani zilizoiegemea Dar es Salaam kama mtu anavyoegemea ukuta wa jirani. Tunakwenda na swali moja tu. Linasikika kama la mchezo, lakini mkulima mdogo wa korosho analilipia kila msimu bila kuambiwa. Swali lenyewe ni hili: gunia la korosho linapotoka Maneromango au Mlandizi kwenda ng'ambo, nani anayelipa nauli ya ganda?

Ganda, ndiyo. Tuanzie hapo.

Shika korosho moja iliyokauka, ile ya rangi ya majivu, iliyojipinda kama figo. Ipasue. Ganda lake ni nene, lina vijitundu ndani kama sega la nyuki, na katika vijitundu hivyo mna mafuta meusi makali yanayobabua ngozi. Katikati ndipo kilipo kiini, nacho kimevaa utando mwekundu. Ukipima kilo 100 za korosho ghafi, yaani korosho pamoja na ganda lake, kiini utakachopata ni kilo 20 na ushee. Zikiwa nzuri sana, kilo 25. Zilizobaki ni ganda na utando.

Maana yake nini, msikilizaji? Maana yake ni kwamba katika kila magunia manne yanayopakiwa melini, kama matatu hivi ni ganda. Ganda limepandishwa lori. Ganda limelala ghalani na kulipiwa ghala. Ganda limevuka Bahari ya Hindi hadi India au Vietnam, na huko ndiko linakovuliwa na kutupwa pembeni, au kukamuliwa mafuta yake yanayotumika kutengenezea breki za magari na rangi. Mnunuzi naye si mjinga. Kabla ya kuandika bei yake ya mnadani amekwisha kukaa chini na kalamu, akaanza na bei ya kiini kule kinakoliwa, akatoa gharama ya kubangua, akatoa nauli ya meli, akatoa na faida yake. Kinachosalia ndicho anachokitaja. Nauli ya ganda imo humo, na aliyeilipa ni yule bibi aliyeinama kuokota.

Basi hapo ndipo jambo la Kibaha na Kisarawe linapoanza kushangaza. Mkulima wa tumbaku wa Urambo akilalamika kwamba bandari iko mbali, anasikilizwa. Lakini Kisarawe? Kutoka mjini Kisarawe hadi katikati ya Dar es Salaam ni kilometa 30 na kitu. Kibaha nayo ni papo hapo, unapita Mbezi, Kibamba, umefika. Mtu mwenye baiskeli nzuri na mapafu mazuri anatoka alfajiri na chai ya saa nne anainywa Kariakoo. Kwa ujirani wa namna hii na bandari kubwa ya nchi, mtu angetegemea mzigo utoke kwa mkulima ukiwa umekwisha kumenywa, umefungwa, tayari kwa kuliwa. Hautoki hivyo. Sehemu kubwa unatoka na ganda lake, kama unavyotoka wa Tunduru.

Sasa tuvuke maji kidogo.

Mkoa wa Pwani makao yake makuu ni Kibaha, na ndani ya mkoa huo kimo kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo Kibaha, ingawa yenyewe haioni bahari, ndiyo makao makuu ya watu wa kisiwani. Waulize wa Mafia walivyofanya na nazi tangu enzi za babu zao. Nazi nzima ni mzigo: ina kumbi, ina kifuu, ina maji. Ukiijaza chomboni umebeba maji juu ya maji. Kwa hiyo nyingi zilipasuliwa, zikakaushwa, zikawa mbata, na mbata ndiyo iliyosafiri. Kumbi likabaki kisiwani likasokotwa kamba.

Pemba nako ni vivyo hivyo. Karafuu inakaushwa majamvini mpaka inalia ukiishika, na yale makonyo, vile vijiti vya karafuu ambavyo mtu wa bara angevifagia, vinapelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake, vinakamuliwa mafuta. Komoro wanachuma maua ya langilangi alfajiri, kabla jua halijayanyong'onyeza, na siku hiyo hiyo yanaingia kwenye mtambo wa kukenekea uliopo papo hapo mashambani. Linaloondoka Komoro kwenda kwa watengeneza manukato wa Ufaransa ni pipa la mafuta, si marobota ya maua.

Unaiona njia yao, msikilizaji? Mtu wa kisiwani meli haiji kila siku, na nauli anaijua kwa uchungu. Kwa hiyo uzito usiouzika anauacha nyumbani. Mtu wa Kisarawe meli ziko mlangoni, na labda kwa sababu hiyo hiyo hajawahi kulazimika kuufikiria uzito.

Hapana, si kweli kabisa. Yuko mtu mmoja wa Kisarawe anayeijua hesabu hii vizuri kuliko wote: mchoma mkaa. Yeye uzito wa mti anauacha porini, anatoka na gunia jepesi juu ya pikipiki, anaingia Dar es Salaam kabla ya mapambazuko. Msitu wa Kazimzumbwi umekwisha kuilipa bei ya maarifa hayo, na hilo ni zungumzo la siku nyingine.

Turudi kwenye korosho. Je, hakuna aliyewahi kujaribu kuibangulia hapa hapa? Alikuwapo, tena kwa kishindo. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ya 1980 Tanzania ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho, vipatavyo 12, vingi kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Kibaha ilipata chake. Wazee wa Kibaha wanakikumbuka. Lakini angalia bahati: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000 za korosho, na viwanda vikapimwa kwa mavuno ya namna hiyo. Mashine zilipokuwa zinafungwa, mikorosho ilikuwa inaachwa. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, shamba la zamani likabaki mbali, vichaka vikapanda. Bei ikawa haimpi mtu sababu ya kwenda kupalilia. Halafu ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa unaomwaga unga mweupe kwenye maua na kuyakausha kabla hayajashika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchi nzima ilikuwa inavuna chini ya tani 20,000. Viwanda vikawa na milango bila korosho.

Hili lirudiwe, maana husahaulika kila mwanasiasa anapoahidi kiwanda: kiwanda kilitangulia, korosho ikarudi nyuma. Leo mambo yamegeuka. Korosho zimerudi kwa nguvu, msimu wa 2024/25 nchi ilipita tani 500,000, lakini viwanda ndivyo vilivyo nyuma. Nyingi zinaondoka ghafi.

Kwa nini? Hapa ndipo penye utamu wa jambo, na inabidi tuingie uani kwa mtu.

Tuseme ni mwezi wa Novemba, kijiji kimoja cha Kisarawe, huko njia ya Masaki. Bibi ameamka na ndoo yake. Chini ya mikorosho mabibo yamedondoka usiku, mekundu na ya njano, yananukia utamu uliochachuka kidogo, na nzi wameshawahi. Anaokota, anaizungusha korosho kwa vidole, anaitenga na bibo, korosho ndooni, bibo chini. Akimaliza anarudi, anatandika turubai uani, anamwaga, anasambaza kwa mguu. Jua likiwaka siku mbili tatu, ganda linakauka mpaka ukilikwaruza kwa ukucha halikubali alama, na ukizitikisa mkononi zinagongana kama kokoto.

Tatizo ni hilo jua. Mtwara na Lindi mvua zao ni za msimu mmoja na huchelewa. Korosho nyingi huwa zimeshaokotwa na kuanikwa kabla ardhi haijalowa. Kibaha na Kisarawe zina misimu miwili ya mvua: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Vuli na mavuno ya korosho vinakutana uani kwa bibi. Ameanika asubuhi, saa nane wingu limefunga upande wa Pugu, wajukuu wako shule, turubai moja, mikono miwili. Korosho zinalowa. Kesho anaanika tena, zinalowa tena. Ganda linaanza kuweka madoa meusi, na kiini ndani yake kinageuka njano, kinapata ukungu, kinanyauka.

Anafunga gunia hivyo hivyo, kwa sababu ada ya shule haingoji kiangazi. Anakwenda nalo chama cha msingi, AMCOS kama tunavyokiita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, nipimie."

Karani anaingiza mkono gunia linapoishia, si pale juu, maana amezoea. Anatoa punje chache, anazikata.

"Bibi, hizi zimeona maji."

"Maji gani? Zimekaa juani siku tatu!"

"Juani sawa. Na mvuani je?"

Bibi anacheka, watu kwenye foleni wanacheka, lakini korosho zinaandikwa daraja la pili. Wengine hurudishwa nazo nyumbani wakaanike upya. Ndiyo maana kwa miaka mingi mnada wa Pwani ukitangaza bei, mara nyingi huwa chini ya ule wa kusini, na watu husema wanaonewa. Kuonewa kunawezekana, biashara haina udugu. Ila sehemu ya habari iko angani, katika wingu la Novemba, na mnunuzi analijua wingu hilo kama tunavyolijua sisi.

Sasa shika uzi vizuri, msikilizaji. Korosho iliyolowa ikaanikwa, ikalowa tena, haibanguliki ikatoka nzima. Kiini kinavunjika. Katika soko la dunia kiini kizima cheupe kina bei yake, na kilichovunjika kina bei ya huruma. Daraja linaloulizwa sana huitwa W320: vyeupe, vizima, viini 300 hadi 320 katika ratili moja. Mwenye kiwanda anayetaka kujenga Kibaha leo anaiangalia barabara, anaona nzuri. Anaiangalia bandari, anaona jirani. Halafu anaipasua korosho, anafunga begi lake. Kabla hatujafika kwenye mashine, tuna deni na turubai.

Si turubai peke yake. Kuna salfa inayopulizwa alfajiri, umande ungali kwenye maua, kati ya Juni na Septemba, kuukinga mkorosho na ubwiriunga; ukichelewa wiki mbili umechelewa mwaka. Kuna palizi chini ya mti ili korosho iliyodondoka ionekane siku ile ile. Kuna kichanja cha miti na matete, kimo cha kiuno, ili maji ya mvua yapite chini na kuku wasipite juu. Vitu vidogo hivi. Serikali imekuwa ikigawa pembejeo kwa wakulima wa korosho, na salfa hupatikana kwa utaratibu huo. Kichanja hakigawiwi na mtu.

Na ghala? Wengi mnaujua mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa hiyo tupite haraka. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza kutumika kusini miaka miwili baadaye. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, anapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanaleta bei, wakulima wanakubali au wanakataa, fedha inaingia benki. Siku hizi minada ya korosho inapita kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Kilichouleta mfumo ni kangomba, yule mtu wa kikombe na noti mkononi anayekuja nyumbani wakati huna chumvi, akakupimia kwa chombo chake, kwa bei yake. Makato ya ghalani yanaudhi, na malipo yakichelewa yanaudhi zaidi. Kangomba halipi kesho, analipa sasa hivi, na hapo ndipo anapopata nguvu. Hata hivyo mizani ya ghalani ina jambo moja ambalo kikombe hakina: daraja linaandikwa. Mwenye korosho kavu anaonekana kwa karatasi kwamba zake ni kavu.

Labda kuna msikilizaji anasema, kwa nini tuhangaike na kubangua? Bei ya ghafi ikiwa nzuri, si tuuze ghafi? Swali zuri. Na lina miaka ya kulijibu. Msimu wa 2017/18 minadani bei zilipanda mpaka karibu shilingi 4,000 kwa kilo, watu wakanunua pikipiki na mabati. Mwaka uliofuata, Oktoba 2018, wanunuzi walikuja na bei zilizokataliwa. Novemba Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaonekana kwenye maghala ya korosho. Mti ni ule ule, mkulima ni yule yule. Kilichobadilika kilikuwa ng'ambo, kwenye meza za watu ambao Kisarawe hawaijui.

Wenye mbaazi waliionja hali hiyo kabla ya hapo. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi inazonunua nje, na huku kwetu bei ikaporomoka mpaka watu wakaona heri waile. Mbaazi angalau inalika. Korosho ghafi ukikosa mnunuzi utaifanya nini? Mkulima mwenye zao moja, lenye soko moja, likiwa na ganda lake, ameshikwa mahali patatu.

Kisarawe ina kumbukumbu nyingine ya biashara ya nje, na ni vyema isipite kimya. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilimilikishwa zaidi ya hekta 8,000 kutoka katika vijiji 11 vya wilaya hiyo, kwa miaka 99, ipande mbono wa kukamuliwa mafuta ya kuendeshea mitambo. Mamia ya watu wakapata vibarua. Mwaka 2011 kazi ikasimama, kampuni ikauzwa, vibarua wakarudi nyumbani, na ardhi ikawa si yao tena. Miaka 99 iliisha katika mwaka wa pili. Mikorosho ya kina bibi, yenye ubwiriunga na vichaka vyake, bado ipo.

Haya, tuje kwenye muhogo, maana Kisarawe bila muhogo ni habari nusu.

Mwaka 2017 Tanzania ilikubaliana na China kuuza huko muhogo mkavu, na kwa muda kila mkutano wa kilimo ulikuwa na wimbo huo. Hesabu yake ni ile ile ya ganda, ila safari hii ni maji: muhogo mbichi zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na ukishang'olewa siku mbili tatu unaanza kuharibika ndani. Kwa hiyo kwenda China lazima uwe makopa. Makopa yanataka jua, nalo jua tumekwisha kulizungumza. Tena China bei yake ni ya malisho na viwanda, bei ya tani kwa tani. Mkulima wa ekari mbili ataisikia kama mtu anavyosikia mwangwi. Lakini Dar es Salaam iko pale chini ya kilima. Dar es Salaam inaamka na chai na muhogo wa kuchemsha, inatoka kazini jioni inakuta muhogo wa kukaanga, kachumbari na pilipili pembeni. Kwa muhogo wa Kisarawe, ng'ambo ya kwanza ni Gongo la Mboto. Hakuna aibu katika hilo. Kisichofaa ni batobato na michirizi ya kahawia kuumaliza muhogo shambani huku sisi tukizungumzia Shanghai. Huo ugonjwa wa michirizi ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza Amani, Tanga, mwaka 1936. Ni mwenyeji wetu. Pingili safi za mbegu, aina kama Kiroba na nyingine zilizotolewa na watafiti baada yake, ndizo zinazopunguza hasara.

Na wataalamu hawako mbali. Kibaha ina kituo cha utafiti wa kilimo chenye jina kubwa kwenye miwa. Kibaha hiyo hiyo, mwaka 1963, ndiko nchi za Nordiki zilikoanzisha mradi uliokuwa na shule, kituo cha afya na chuo cha kufundishia wakulima, ukakabidhiwa Tanzania mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Shule imetoa watu wakubwa mno, orodha yake inajulikana. Chuo cha wakulima hakijatajwa sana kwenye orodha za namna hiyo, ndivyo tulivyo.

Lakini tulisema nauli ya ganda. Nani aanze kulivua?

Wapo wanaolivua tayari, na karibu wote ni wanawake. Wengine wanatumia njia ya kale: debe lililotobolewa, moto mkali, korosho zinatema mafuta na kuwaka, moshi wake unawasha macho mpaka kwa jirani wa tatu. Wengine, kwenye vikundi, wana vyungu vya mvuke na visu vya kukatia vinavyoendeshwa kwa mkono na mguu, korosho moja baada ya nyingine. Vidole wanavipaka mafuta ya kula na majivu kabla ya kuanza, maana yale mafuta ya ganda yakiingia ngozini hayana adabu. Halafu tanuri, halafu kutoa utando kwa kisu kidogo, halafu kupanga: nzima huku, nusu huku, vipande kule. Kazi ya siku nzima kwa kilo chache. Hizo unaziona vituo vya mabasi Barabara ya Morogoro, kwenye vipakti vya nailoni, zikipunga dirishani kwako.

Hiyo si biashara ya nje, utasema. Kweli, si ya nje. Ila tazama kilichobaki kijijini: ganda limebaki, ujira wa kubangua umebaki, vipande vilivyovunjika vimeliwa na watoto. Kikwazo chao wanakisema wenyewe ukikaa nao dakika kumi. Korosho ghafi zinauzwa msimu mmoja, kwa fedha taslimu nyingi, mnadani, kwa tani. Kikundi cha kina mama 20 hakiwezi kusimama kwenye mnada mmoja na mnunuzi wa meli nzima. Wakikosa mzigo wa kuweka Desemba, ifikapo Aprili visu vyao vinapumzika. Wanachohitaji ni haki ya kupata magunia yao machache ghalani, kwa bei ya mnada, kabla lori halijaondoka, na mkopo wa kuyalipia. Serikali hutoza ushuru korosho ghafi zinazotoka nje ili kuwapa wabanguaji wa ndani nafasi. Nafasi hiyo ikishuka mpaka kwenye kikundi cha Mlandizi itakuwa imefika ilikotumwa.

Na njia nazo zinabadilika. Treni ya reli mpya ilianza kubeba abiria Juni 2024, na Soga, ndani ya Wilaya ya Kibaha, kuna kituo. Kwala, wilaya hiyo hiyo, bandari kavu ilizinduliwa Julai 2025. Makontena ya Dar es Salaam sasa yanahama kutoka ufukweni yanaifuata Kibaha. Yule jirani wa bandari ameamka asubuhi akaikuta bandari uani kwake. Msikilizaji uliye kwenye foleni ya Kibamba, malori yaliyokuzunguka ndiyo yanayotazamiwa kupungua, tukijaaliwa. Kontena litafungwa Kwala. Litafungwa na nini ndani yake, viini au maganda, hilo halitaamuliwa na reli.

Litaanza kuamuliwa pale kwenye lile turubai. Bibi wa njia ya Masaki akiwa na kichanja, akiwa na maturubai mawili badala ya moja, akitenga mafungu yake matatu, zilizookotwa leo, za juzi, na zile zilizoguswa na maji, asizichanganye hata kama gunia halijajaa, karani atakata punje zake ataona kiini cheupe, na ataandika hivyo. Kikundi cha wabanguaji kitalitafuta gunia hilo kwa jina. Nalo deni la ganda litakuwa na pa kuanzia kulipika.

Muda wetu umekwisha, msikilizaji. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutakuwa na wafugaji wa kuku wa Kibaha na habari ya bei ya chakula cha kuku, ambayo najua mnaisubiri kwa hasira. Kwa sasa, kama uko Kisarawe na umeanika, toka nje uangalie upande wa Pugu. Mawingu ya saa hizi hayaaminiki. Jioni njema.